Pole Iliyotumwa kwa Posta

Praful amekuwa daktari kwa namna kadhaa maishani mwake, na hakuna hata moja aliyowahi kuielewa sawasawa.

Alizaliwa Kisumu, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, akasomea udaktari Kampala, na alikuwa ndiyo kwanza ameanza kujifunza kazi wodini pale serikali ya Uganda ilipoamua kwamba Wahindi wote wafungashe virago. Akatua Uingereza na koti jembamba na cheti chake. Karani wa usajili alikigeuza kile cheti mbele na nyuma, akamwambia kwamba ndiyo, yeye ni daktari, ila wa muda. Praful akauliza muda huo ukiisha atakuwa nani. Karani akajibu kwamba ukiisha atakuwa daktari. Basi akakaa hospitalini mwaka mzima akiwa daktari wa muda, mwenye ruhusa ya kumdunga mtu sindano mradi mtu mwingine asimame nyuma yake akimtazama. Kisha akawa daktari kamili, akafungua kliniki mtaa wa Queensbury, London, katika nyumba iliyokuwa ya fundi saa, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwuliza tena yeye ni nani. Watu walimletea vikohozi, naye akawarudisha nyumbani na dawa.

Halafu, nywele zikiwa zimekwisha kuwa nyeupe, ikaja barua kumweleza kwamba kuanzia sasa udaktari umegawanywa mafungu mawili. Kuna kuwa kwenye daftari la madaktari, na kuna kuwa na leseni ya kutibu. Unaweza kuwa na la kwanza bila la pili. Ukiwa hivyo utaitwa daktari, utaandikwa daktari hata kwenye bili ya maji, lakini ukimwandikia mtu dawa ya macho umevunja sheria. Praful alimweleza mkewe, Usha, jambo hilo mara mbili. Usha akasema ameelewa vizuri sana, ni sawa na kuwa na mume mzee: jina lipo.

Praful akachukua vyote viwili, daftari na leseni, na leseni akaitia kwenye fremu. Bila ile karatasi, alisema, yeye ni Mhindi tu anayejua majina ya mifupa.

Sasa, miongoni mwa wagonjwa wake alikuwako Solomon. Huyu ni mtu wa Kakamega aliyekuja London ujanani, akaendesha basi mpaka magoti yakamwambia inatosha. Kakamega na Kisumu ni kitu na jirani yake, na hivyo ndivyo hawa wawili walivyochukuliana. Sheria ya kliniki inampa kila mgonjwa dakika kumi. Solomon alizitumia nyingi kuzungumza habari za mahindi, wanasiasa na samaki wa ziwani ambao Praful, asiyekula nyama wala samaki tangu azaliwe, aliwakumbuka kwa harufu tu. Dakika zilizobaki ndizo za ugonjwa. Walizungumza Kiswahili, mlango ukiwa umefungwa, na wagonjwa wengine waliokuwa wakingoja nje walidhani humo ndani kuna mkutano wa siri.

Mwaka ule wa Olimpiki ya London, majira ya baridi yakiwa bado hayajaachia, Solomon alikuja na kifua. Kilikuwa kifua cha kweli, kinatoa mlio kama mlango wa ghala. Foleni ilikuwa ndefu. Praful akaandika kwenye kompyuta dawa ya jamii ya penisilini, na kompyuta ikatoa kisanduku chekundu.

Kwa kuitetea kidogo akili ya binadamu, lazima niseme kwamba ile kompyuta ilikuwa na tabia ya kuonya kila kitu. Ukiandika panadoli inakuuliza kama mgonjwa ana ini. Ukimwandikia bibi wa miaka themanini dawa ya miguu, inataka kujua kama ana mimba. Daktari mwenye wagonjwa thelathini nje huvifukuza visanduku hivyo kama anavyofukuza nzi mezani, bila kumtazama nzi usoni. Praful akafukuza. Solomon akashukuru, akachukua karatasi yake, akaenda kununua kifo chake kwenye duka la dawa la jirani.

Faili lake lilikuwa limeandikwa tangu zamani, wazi kabisa, kwamba Solomon na penisilini hawapatani. Aliyeandika ni Praful mwenyewe.

Solomon alipomeza kidonge cha kwanza, mkewe, Serah, alikuwa jikoni. Aliporudi sebuleni alikuta mtu asiyemjua amekaa kwenye kiti cha mumewe, amevaa sweta ya mumewe, na uso umefura kama andazi lililosahauliwa kwenye mafuta. Mtu huyo alikuwa anajaribu kusema kitu, na pumzi haitoki. Bahati yao binti yao, Teresia, ambaye ni nesi, alikuwa amepita kuwasalimu. Yeye hakupoteza wakati kujiuliza ni nani. Aliita ambalensi, na Solomon akapelekwa hospitali akiwa hai, jambo ambalo baadaye alipenda kulisema kama ni ustadi wake mwenyewe.

Habari zilipofika kliniki, Praful alikaa kwenye kiti chake akaliangalia faili. Hakuwa na shaka yoyote, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu. Akamwambia Lila, meneja wake, kwamba amekosa. Lila ni mwanamke makini wa Stanmore, mtaa wa jirani, aliyeendesha kliniki ile kama mtu anayebeba trei ya glasi. Alifunga mlango kabla daktari hajamaliza sentensi, akamwambia asimwambie mtu mwingine maneno hayo, na kabla ya kufanya lolote apige simu kwa chama kinachowatetea madaktari. Kila daktari huku hukilipa chama cha namna hiyo ili siku akikosea awe na mtu wa kumweleza kwamba hakukosea.

Praful alisahau kupiga. Au hakusahau, ila alikumbuka kitu kingine kwanza. Kule walikotoka wote wawili, mtu akiumia unamwendea. Huhitaji hata kuwa na hatia. Mtu akiteleza bafuni kwake, wewe uliye upande wa pili wa mji utamwambia pole. Itakuwaje basi ukiwa wewe ndiye uliyemwaga maji? Usha akafunga mapapai mawili na chupa ya chai ya tangawizi, akamnyoosha mumewe kola, na Praful akaendesha gari mpaka hospitali. Akaegesha. Akiwa na papai moja mkononi ndipo akaona afadhali apige ile simu, ili Lila asije akanuna.

Akampata wakili aitwaye James. Sauti yake ilikuwa changa na yenye adabu, ya mtu ambaye hajawahi kukosea kitu kikubwa kuliko njia. James akamwuliza yuko wapi. Praful akamwambia: nje ya hospitali, naenda kumpa pole mgonjwa. James akasema polepole, kama mtu anayemshusha mwendawazimu kutoka kwenye paa:

"Daktari, ukiingia humo ukasema samahani, utaingia kama mtu mwema na kutoka kama ushahidi."

Praful akamkumbusha kwamba mwongozo wa madaktari unasema daktari aliyekosea aseme ukweli na aombe radhi upesi. James akakubali kwa furaha. Ni wajibu kabisa. Lakini aombe kwa maandishi, na yeye James ayaone kwanza. Asimwendee mgonjwa, asimpigie, asimtumie salamu. Praful akauliza kama anaweza kupeleka mapapai bila maneno. James akafikiri, akasema hapana, mapapai nayo yanasema.

Akarudi nyumbani. Yale mapapai waliyala wenyewe, yeye na Usha, na Usha akasema hajawahi kula tunda lenye aibu kama lile.

Huko wodini, Wakenya wa kanisani kwa Solomon walikuja kwa mafungu. Walikuja na ndizi, na sufuria, na wimbo mpaka manesi wakawaomba wapunguze sauti. Walikuja hata watu waliokuwa wamekosana naye tangu zamani juu ya uongozi wa kwaya. Kila mlango ulipofunguka Solomon aliinua kichwa. Serah alimwambia aache kutazama mlango, daktari ana kazi nyingi. Solomon akasema yeye hatazami mlango.

Wakati huo Praful alikuwa anaandika barua. Ya kwanza aliiandika kwa Kiswahili, fupi, ikianza na "Ndugu yangu Solomon, nimekukosea". James akaomba ya Kiingereza. Ya Kiingereza ilipofika, James akaondoa "nimekukosea", kisha akaondoa "ndugu yangu". Barua ikaenda na kurudi kama mpira wa meza, na kila iliporudi ilikuwa imekonda. Hatimaye Solomon, akiwa ameruhusiwa kwenda nyumbani, akapokea kwa posta karatasi moja yenye nembo ya kliniki, inayosema kwamba Daktari Praful anasikitika kusikia kwamba huduma haikufikia matarajio yake.

Solomon akaisoma. Akampa Serah, naye akaigeuza upande wa pili kuona kama pole imeandikwa huko.

"Matarajio yapi?" Solomon akauliza. "Mimi nilikuwa natarajia nisife."

Hapo ndipo alipokasirika. Zile siku za hospitali hakukasirika. Mtu anakosea, yeye mwenyewe aliwahi kulipitisha basi kwenye kituo akiwa anafikiria chakula. Lakini barua! Mtu wa Kisumu kumwandikia mtu wa Kakamega barua, kama kampuni ya gesi inayofukua barabara! Akamwita Teresia aje amweleze mtu akikosewa na daktari katika nchi hii anakwenda wapi.

Teresia amekulia London. Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na siku ile alijibu kirefu. Alieleza kwamba kuna milango mitatu. Unaweza kulalamika kwa kliniki yenyewe, wakakuandikia barua nyingine. Unaweza kwenda mahakamani kudai fidia, na huko utalazimika kuthibitisha kwamba daktari alifanya ambalo daktari mwenzake mwenye akili asingefanya, na kwamba hilo ndilo lililokudhuru, na mawakili watazeeka humo. Au unaweza kwenda kwa Halmashauri inayotoa leseni za madaktari, ambayo haikupi chochote, ila inaangalia kama daktari bado anafaa kutibu watu. Teresia mwenyewe alikuwa upande wa Halmashauri. Alisema angekuwa ni yeye aliyempa mgonjwa dawa hiyo bila kusoma, angeulizwa maswali mpaka akome, na haoni kwa nini daktari asiulizwe kwa sababu tu anajua habari za mahindi.

Solomon akauliza ni mlango upi kati ya hiyo mitatu unaofanya daktari aje nyumbani kunywa chai na kusema alichofanya.

Teresia akasema hakuna.

Solomon hakumwamini. Akachagua Halmashauri, kwa sababu aliiona kama chifu. Kwao ukikosewa na jirani asiyetaka kuja, unakwenda kwa chifu. Chifu anamtuma askari, jirani anakuja mbio akifunga vifungo, anagombezwa mbele ya watu, anasema pole, na mnarudi nyumbani mkiwa mnaongea. Hakuna anayefukuzwa kijijini. Na hata kama chifu wa Kizungu ni mkali, Solomon alijua habari za leseni. Yeye mwenyewe alikuwa na leseni ya basi miaka yote hiyo. Ukikosea wanakutia pointi. Pointi tatu, unaona aibu, unaendesha polepole, baadaye zinafutika. Daktari Praful alihitaji pointi tatu. Zingemfaa.

Teresia akaandika malalamiko, Solomon akatia sahihi, na kwa wiki nzima alikuwa na amani ya mtu aliyekwisha kumwona chifu.

Bahasha ilipofika kliniki, Lila aliileta kwa mikono miwili. Humo mlisemwa kwa upole kwamba Halmashauri inachunguza kufaa kwake Daktari Praful kutibu watu, na kwamba mwisho wa uchunguzi huo unaweza kuwa si kitu, au ushauri, au onyo, au masharti, au kusimamishwa, au kufutwa kabisa kwenye daftari. Praful alisoma orodha hiyo akiitazama ile fremu ukutani.

Tangu siku hiyo akawa daktari wa ajabu. Alimwuliza kila mtu kuhusu mzio, yaani dawa zisizopatana naye, akamwuliza tena anapotoka. Alimwuliza tarishi. Alisoma kila kisanduku chekundu kwa sauti, ikiwa ni pamoja na vile vya mimba, mbele ya wazee wa kiume. Foleni ikafika barabarani. Usiku alimwuliza Usha kama anadhani yeye ni mtu mbaya, na kabla hajajibiwa alisema lakini wakili amesema asiulize maswali ya namna hiyo.

"Staafu," Usha akamwambia. "Una miaka mingapi? Wape leseni yao, tukae."

Hilo lilimwingia akilini. Akampigia James kwamba ameamua, anarudisha leseni kwa hiari, jambo liishe. James akaonyesha huruma. Haiwezekani, alisema. Daktari anayechunguzwa hawezi kujitoa tu hivi hivi, kwa sababu hapo atakuwa ametoroka uamuzi. Ili atoke ni lazima kwanza waamue kama watamtoa.

Praful akalirudia jambo hilo kwa Usha pale mezani. Haruhusiwi kuondoka mpaka wamalize kuangalia kama wamfukuze. Usha akasema Uganda walikuwa na utaratibu ulio wazi zaidi.

Upande wa pili wa Queensbury, Solomon naye alikuwa ameanza kushangaa mbona chifu anachelewa. Alimwuliza Teresia kama daktari amekwisha kutiwa zile pointi. Teresia akauliza pointi gani. Solomon akaeleza. Kwa mara ya kwanza katika mwaka ule binti yake akamjibu kwa Kiswahili, ili kusiwe na kosa lolote.

"Baba, hakuna pointi. Wanaweza kumfuta. Hatakuwa daktari tena."

"Nani alisema wamfute?"

"Wewe. Ulisaini."

Asubuhi yake Solomon akapiga simu Halmashauri, akasema yeye ndiye mlalamikaji na anaondoa lalamiko lake. Mtu wa simu akamshukuru kwa mchango wake. Akamweleza kwamba lalamiko likishaingia huwa si la mtu mmoja tena, linachukuliwa kwa faida ya umma, na linaweza kuendelea hata kama yeye hataki. Solomon akauliza umma ni nani. Akaambiwa ni watu wote. Akasema yeye ni mmoja wa hao watu wote na ameacha. Akashukuriwa tena.

Hebu tazama jinsi ilivyokuwa. Mlalamikaji hataki lalamiko. Mlalamikiwa anataka kukiri, wakili wake hataki akiri. Mwongozo unamwamuru aombe radhi, na wakili anamwamuru asiombe kwa mdomo. Akitaka kubaki hana hakika ya kubaki, akitaka kuondoka haruhusiwi kuondoka. Na umma, ambao ndio mwenye kesi, ulikuwa umekaa pale kliniki ukikohoa na kulalamikia foleni.

Solomon akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Akapiga simu kliniki akaomba miadi.

Lila aliona jina kwenye skrini akasimama. Alimtafuta James, akaambiwa yuko likizo. Akazungumza na mwenzake, na yeye akamjibu kwa uangalifu mkubwa. Daktari asimwendee mlalamikaji, hilo liko wazi. Lakini mgonjwa hakatazwi kumwendea daktari wake. Na daktari hawezi kumkataa mgonjwa kwa sababu tu amemlalamikia, maana hilo nalo ni kosa. Ila wasizungumzie kesi. Na awepo shahidi. Lila akauliza je, wakiizungumzia? Mwenzake James akasema basi shahidi aandike.

Kwa hiyo Solomon alipoingia, alimkuta Praful nyuma ya meza na Lila kwenye kona, kalamu juu, amenyooka kama askari wa trafiki.

"Umekuja na nini leo, Mzee?" Praful akauliza.

"Pressure."

Praful akamfunga mkononi kitambaa cha kupimia presha, akaanza kupampu. Hakumtazama usoni. Solomon akamtazama yeye.

"Daktari, nikuulize. Mimi nililala hospitali. Watu walikuja, wengine hata siwajui. Mwenye alinipeleka huko ndiye hakuja. Hiyo ni tabia ya watu wa Kisumu?"

"Nilikuja," Praful akasema. "Nilifika mpaka kwenye magari."

"Ukarudi?"

"Nilirudishwa."

"Na nani?"

"Wakili."

"Kwani wakili ndiye alikuwa mgonjwa?"

Lila akakohoa. Praful akasimamisha kupampu, kitambaa kikiwa kimejaa hewa. Alijua, au alidhani anajua, kwamba neno linalofuata linaweza kumwondolea ile karatasi ya ukutani. Hakuwa na hakika. Kwa miezi kadhaa hakuwa na hakika na kitu chochote, hata majina ya mifupa. Lakini mbele yake palikuwa na uso wa Solomon, umerudi ukubwa wake wa kawaida, na uso huo haukuwa na utata wowote.

"Ni kosa langu," akasema. "Kompyuta iliniambia, nikaifukuza bila kusoma. Ni mimi mwenyewe niliyeandika kwamba dawa hiyo ni sumu kwako, halafu ni mimi niliyekupa. Ungekufa, Solomon. Pole. Pole sana."

Kalamu ya Lila ikasikika ikikimbia.

Solomon akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa chakula alichoagiza zamani.

"Asante. Nimepoa," akasema. "Sasa toa hewa, mkono umekufa."

Praful akatoa hewa. Presha ilikuwa juu. Solomon akasema lazima iwe juu, amengojea tangu baridi. Kisha akamgeukia Lila na kumwuliza kama ameandika yote, hata hiyo ya pole mara mbili, kwa sababu ni muhimu. Lila akasema ameandika.

Maandishi hayo ilibidi yaende Halmashauri. James, aliporudi likizo na kuyaona, alimpigia Praful akazungumza kwa muda mrefu bila kupumua, na Praful alielewa tu kwamba amejichimbia kaburi. Usha akaishusha ile fremu ukutani kliniki, akaipangusa, akaipeleka nyumbani, akisema kama watakuja kuichukua afadhali waje waichukue mahali penye chai.

Majira ya kiangazi, wakimbiaji wa dunia nzima wakiwa mjini na kila televisheni imewashwa, uamuzi ukaja. Halmashauri ilisema daktari alikosea, na kosa lenyewe lilikuwa zito. Ilisema pia kwamba imeridhika kuwa analifahamu kosa lake, kwa kuwa alilikiri mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya shahidi, bila kutafuta kisingizio. Wakampa onyo. Leseni ikabaki.

James akapiga simu kumpongeza. Alisema mkakati umefanya kazi. Praful akamwuliza, kwa adabu na kwa nia ya kweli ya kujifunza, ni mkakati upi. James akasema ule wa kuonyesha kwamba analifahamu kosa. Praful akasema lakini ulinikataza. James akasema hakumkataza, alimshauri kuhusu wakati mwafaka. Praful akamshukuru, akakata simu, akakaa akiitazama simu kama kisanduku chekundu kipya.

Jumamosi hiyo alikwenda Kingsbury Road kununua mboga. Mbele ya rundo la bamia alimkuta Solomon anazichagua moja moja, maana Serah hukataa zilizokomaa. Praful akamweleza kwamba imekwisha, hawakumfuta. Solomon akampiga bega kwa furaha mpaka mwenye duka akageuka. Akasema alijua, akasema aliomba kanisani, akasema waje kwake Jumapili, yeye na mama, Serah atapika mboga tupu isiyo na dhambi.

"Tutakuja," Praful akasema. "Na wewe usisahau kuja kliniki. Ile presha bado siipendi."

Solomon akachagua bamia nyingine, akaivunja ncha kuipima.

"Kliniki, hapana. Teresia amenihamisha. Sasa niko kwa daktari wa Stanmore."

Praful alidhani hakusikia vizuri. "Si ulisema umepoa?"

"Nimepoa kabisa. Sina kitu na wewe hata kidogo. Lakini, daktari, msamaha unakaa rohoni. Dawa inapita mdomoni."

Praful akasimama pale, watu wakimpita na vikapu. Kama daktari, aliona Teresia amefanya jambo la busara, na angekuwa baba yake mwenyewe angemhamisha mapema zaidi. Kama mtu wa Kisumu, aliona amepigwa kofi sokoni. Akajaribu kuyaweka hayo mawili pamoja, yakakataa kukaa. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali sana, huyo daktari wa Stanmore ni mtu wa namna gani.

Solomon akafunga mfuko wake wa bamia.

"Nitajuaje?" akasema. "Bado hajanikosea."